Klachi ya Pikipiki Kuukuu na Ulegevu wa Kidole Kimoja

Tangu serikali ya Kenya ilipoziondolea pikipiki ndogo kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2008, ni mitaa michache ya pwani yetu iliyobaki bila ya nyumba inayokula kwa pikipiki. Aghalabu mwenye pikipiki si yule aipandaye. Mwenyewe ni mama aliyeinunua kwa fedha za chama, au kwa mahari aliyoyaweka, au kwa urithi mdogo uliomfikia. Na mpandaji ni kijana wa jamaa au wa jirani, ambaye humletea hesabu kila jioni. Mali iko barabarani tangu alfajiri, na mwenye mali yuko nyumbani, hajui kinachoendelea ndani ya chuma kile illa kwa anayoambiwa. Na katika yote anayoambiwa, hakuna neno linalomghadhibisha na kumfilisi kama hili: klachi imeungua.

Sisi twapanda Honda CG125 kuukuu, ambayo hutupeleka chuoni asubuhi na darasani jioni, na klachi yake tumekwisha kuifungua kwa mikono yetu zaidi ya mara moja. Honda waliitoa aina hii mwaka 1976, na waliibuni kwa makusudi kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na oili hubadilishwa kwa kuchelewa. Badala ya cheni ya ndani inayopanda hadi kichwa cha injini, walirudi kwenye vyuma virefu vya kusukumia valvu, muundo wa kizamani lakini mvumilivu. Huko Pakistan aina hii yaendelea kuundwa, na pikipiki nyingi za Kichina tunazoziona vituoni zina injini iliyonakiliwa kutoka kwake. Kwa hivyo tutakayoyaeleza yatawafaa wengi. Mwenye pikipiki ya Kihindi ataona tofauti za hapa na pale, lakini asili ni moja.

Kwanza tufahamiane klachi ni nini. Injini ikiwaka huzunguka muda wote, na gurudumu la nyuma hutakiwa mara lizunguke na mara lisimame. Kati ya viwili hivi pahitajika kitu cha kuvishikanisha na kuviachanisha bila ya kuvunja. Tuchukue mfano wa sinia za karamu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Tuseme sinia ya kwanza, ya tatu na ya tano zimeshikwa na mtu mmoja kwa kingo zake za nje. Na ya pili na ya nne zimetobolewa katikati, zikavishwa fimbo aliyoishika mtu mwingine. Sinia zikiwa zimelegea, wa kwanza aweza kuzizungusha zake na wa pili asihisi kitu. Wekeni mzigo mzito juu yake, sinia zibanane, na akizungusha mmoja huzunguka na mwenziwe. Wa kwanza ni injini, wa pili ni giaboksi, na ule mzigo ni springi, aghalabu nne. Zile sinia ndizo pleti za klachi. Zinazoshikwa kwa nje zimebandikwa utando wa kukwaruza mfano wa kizibo, na zinazoshikwa kwa ndani ni chuma kitupu. Zote zimo ndani ya oili ile ile ya injini.

Wenzo ulio upande wa mkono wa kushoto hauendeshi chochote. Kazi yake, kwa njia ya waya, ni kuuondoa ule mzigo tu. Mpandaji akiuvuta, springi huzuiwa na pleti huachana. Akiuachilia, springi hubana. Basi tazameni: iwapo waya umekazwa kiasi cha kwamba hata pasipokuwa na mkono juu ya wenzo umeanza kuvuta, ule mzigo umeshapunguzwa. Pleti hushikana nusu, huteleza, hupata moto na kuungua. Na ubaya zaidi ni kwamba kadiri pleti zinavyolika na kuwa nyembamba, ndivyo ulegevu wa waya unavyopungua wenyewe, bila ya mtu kugusa kitu. Pikipiki iliyokuwa sawa Muharram yaweza kuwa imekaza Rajab, na hakuna aliyeifanyia ubaya.

Twaeleza haya kwa sababu ya jambo lililoletwa kwetu. Mama mmoja wa upande wa Likoni, mjane anayeuza mahamri, alitujia akitaka tuketi kama waamuzi baina yake na mtoto wa marehemu dada yake. "Shekhe," alisema, "kijana huyu nimemlea mwenyewe, leo ameniulia pikipiki. Nataka anilipe, na akishanilipa asikanyage kwangu tena." Deni la chama lilikuwa bado halijesha. Fundi mmoja alikuwa amemwambia kuwa injini imekufa, yabidi ishushwe nzima, na bei aliyoitaja ilikaribia nusu ya thamani ya pikipiki yenyewe. Kijana alipoitwa alisimama mlangoni, hakutaka kuketi. "Mama mkubwa, wallahi sikuifanyia ubaya," alisema. "Nilikwambia mwezi jana kwamba haivuti pale pa kupanda Kombani kwenda Kwale. Ukaniambia natafuta udhuru wa kupunguza hesabu." Ni kweli alikuwa amemwambia hivyo, na ni kweli yeye hakusadiki. Siku kumi na kitu walikuwa hawajasalimiana.

Hatukuona njia ya kuamua malipo ya kitu ambacho hakuna aliyekitazama. Tukaomba pikipiki iletwe barazani kwetu baada ya alasiri, na wote wawili wawepo.

Injini dhaifu na klachi inayoteleza hufanana kwa mpandaji, kwani zote mbili husema pikipiki haivuti. Lakini sauti huzitenga. Injini dhaifu, ukiongeza mafuta, haipandi mwendo wala haipandi mlio. Klachi inayoteleza, mlio hupanda kwa ghadhabu na mwendo hubaki pale pale. Kuna pia jaribio la kufanywa hapo ilipo: washa, tia gia ya juu kabisa, bana breki zote mbili, ongeza mafuta kidogo, kisha achilia wenzo pole pole. Klachi nzima itaizima injini papo hapo. Ikiwa injini yaendelea kunguruma na pikipiki haitoki, pleti zateleza. Lifanyeni mara moja tu na kwa muda mfupi, kwa sababu jaribio lenyewe laziunguza. Pikipiki ya yule mama haikuzimika. Injini aliyoambiwa imekufa ilikuwa na nguvu zake zote, ila hazikuwa zikifika kwenye gurudumu.

Tukaushika wenzo. Haukuwa na ulegevu wowote. Umekaza kama uzi wa udi. Kijana akakumbuka kwamba gia zilipokuwa nzito, kuna mahali aliipeleka na mtu akakaza waya hadi mwisho. Gia zikawa nyepesi, akashukuru, akalipa. Na ni kweli kukaza waya huzifanya gia kuwa nyepesi, lakini ni kama mtu anayepunguza joto la homa kwa kukivunja kipimajoto.

Kisha tukamwomba apande na aishike mikono ya usukani kama ashikavyo siku zote. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vikaenda vyenyewe juu ya wenzo vikatulia pale. Hakujua kwamba afanya hivyo mpaka mama yake mkubwa alipomwonyesha. Mwenye kuijua feri ya Likoni hatastaajabu. Pikipiki husubiri katika msongamano, husogea hatua mbili, husimama. Huteremka mteremko kuingia chomboni, na upande wa pili hupanda mlima mfupi wa kutoka, katikati ya waendao kwa miguu na mikokoteni. Pale mpandaji hawezi kuachilia klachi yote wala kuivuta yote. Huishikilia nusu, na nusu hiyo ndiyo inayounguza. Afanyaye hivyo mara nane kwa siku, vidole huzoea kukaa pale hata barabara ikiwa tupu. Tulimwambia yale tunayowaambia vijana wote: msongamano ukisimama, tia gia huru na uondoe mkono, na barabara ikifunguka, vidole vinne vyote virudi kwenye mpini. Kwenye mteremko wa kuingia, breki ndiyo izuie pikipiki, si klachi.

Sasa tuje kwenye kazi ya mikono, na tutaanza na iliyo rahisi, ambayo mama yeyote aweza kuifanya au kuikagua bila ya kujichafua.

Shikeni ncha ya wenzo wa klachi kwa kidole na mvute taratibu. Mwanzoni utakuja bila ya upinzani, kisha utakutana na uzito. Ule mwendo wa kabla ya uzito ndio ulegevu, na kwenye ncha ya wenzo watakiwa uwe baina ya milimita 10 na 20, yaani takriban upana wa kidole. Ukiwa chini ya hapo, klachi itateleza. Ukizidi sana, klachi haitaachia sawasawa: gia ya kwanza itaingia kwa kishindo, pikipiki itataka kuruka hata wenzo ukiwa umevutwa, na kuipata gia huru mtu akiwa amesimama itakuwa shida. Dalili hizi mbili zina tiba zinazokwenda pande mbili tofauti, na ndiyo sababu haifai kukaza au kulegeza kabla ya kupima.

Marekebisho yako mahali pawili. Juu, pale waya unapoingia kwenye wenzo, pana skrubu ya kuzungushwa kwa vidole na pete ya kuifungia. Chini, karibu na injini, pana nati mbili kwenye waya. Ile ya juu ni ya marekebisho madogo ya njiani. Kazi kubwa ifanywe chini. Twapendelea kuirudisha ya juu ndani karibu yote, kisha twatafuta ulegevu kwa zile nati za chini, twazifunga, ndipo twamalizia juu. Hivyo mpandaji atabaki na akiba ya kuitumia siku za mbele. Baada ya hapo zungusheni usukani hadi mwisho kushoto na hadi mwisho kulia, na mpime tena. Ikiwa ulegevu wapotea upande mmoja, waya umepitishwa vibaya au umebanwa mahali.

Waya wenyewe ni mgonjwa wa pwani. Hewa ya bahari na chumvi huingia ndani ya ala yake, na kutu huanza pasipoonekana. Wenzo huwa mzito, vijana hulaumu springi, kumbe ni waya unaokwaruzana na ala. Dawa yake iko nyumbani mwa kila mshonaji, nayo ni oili ya cherehani. Utoeni waya upande wa juu, fungeni kipande cha mfuko wa plastiki kwenye mdomo wa ala mfano wa faneli, mkaze kwa uzi, mtie oili kidogo na muuache ukining'inia usiku kucha. Asubuhi mtaikuta imetokea chini, pengine nyeusi kwa kutu. Tumewaona vijana wakitumia mafuta ya nazi kwa kuwa ndiyo yaliyo karibu. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na alfajiri za msimu wa kusi hushuka hapo. Wenzo utakuwa mzito saa ile ile ambayo watoto wapelekwa shule. Mafuta ya kupikia nayo huwa gundi kwa muda.

Mkiwa mmeutoa, tazameni kile kichwa kidogo cha risasi kilicho mwisho wa waya. Waya hukatika hapo, na haukatiki kwa ghafla. Nyuzi zake hukatika moja moja, na zilizokatika husimama kama nywele. Mkiona hata mbili, nunueni mpya. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote tutakavyovitaja. Wengine huupitisha waya mpya sambamba na wa zamani na kuufunga kwa uzi, ili ule wa zamani ukikatika njiani usiku, kazi ibaki ni kuhamisha ncha mbili tu. Sisi hufanya hivyo, na twaona ni jambo jema zaidi kwa kijana anayebeba abiria wa kike wakati wa magharibi.

Turudi kwa pikipiki yetu ya barazani. Tuliupa waya ulegevu wake, na kijana akaenda nayo mwendo mfupi. Akarudi akisema kwamba tambarare imekuwa sawa, lakini kwenye kipanda bado mlio unatangulia. Utando wa pleti ulikuwa umekwisha kuungua na kuwa laini kama kioo. Hapo hapana budi kufungua, na tulikubaliana kufungua siku ya pili, kwa sharti la kuwa mama mwenyewe awepo tangu mwanzo hadi mwisho.

Alikuja na sinia yake ya zamani na gunia la kutandika. Sinia ile ndiyo chombo cha kazi kilicho bora kuliko vyote. Kila kilichotolewa kilipangwa humo kwa mfuatano, kuanzia kushoto, na yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wake. Watoto walikatazwa kusogea. Kwa bolti za kifuniko, ambazo baadhi zina urefu tofauti, tulichora umbo la kifuniko kwenye kipande cha boksi na kila bolti ikachomekwa mahali pake. Atakayezichanganya atakuja kuisukuma bolti ndefu ndani ya tundu fupi, na aluminiamu hupasuka kwa urahisi.

Oili hutolewa kwanza, injini ikiwa vuguvugu, kwa nati iliyo chini. Kisha hutolewa wenzo wa kiki, na kwa aina nyingine hata chuma cha kukanyagia mguu wa kulia, na ncha ya chini ya waya. Klachi ya injini hii iko upande wa kulia. Bolti za kifuniko hulegezwa zote kidogo kidogo kabla ya kuitoa hata moja. Kifuniko kikigoma, kigongwe kwa mpini wa mbao wa nyundo, kisichokorwe kwa bisibisi, kwani mkwaruzo mmoja pale kinapokalia huwa njia ya oili kuvuja milele. Mabaki ya gasketi kuukuu tuliyakwangua kwa kadi ngumu ya plastiki badala ya kisu, kwa sababu hiyo hiyo.

Ndani mtaona duara lenye bolti nne, na chini ya kila bolti mna springi. Hizi zilegezwe kwa msalaba: moja, kisha ya upande wa pili, nusu mzunguko kila mara. Mkiitoa moja yote kwa pamoja, springi zilizobaki zitalivuta duara upande na kuvunja nguzo zake.

Baada ya springi kutoka, kuna kishikizi kimoja katikati, na hapa ndipo tunapowaonya. Katika baadhi ya injini hizi ni pete ya chuma inayopanuliwa kwa koleo ya ncha nyembamba, na mtu makini aweza kuitoa. Katika nyingine ni nati yenye mipasuko minne, ambayo ina spana yake maalumu. Mafundi wengi wa njiani huitoa kwa patasi na nyundo. Tumeona nati zilizoliwa hivyo, na tumeona vipande vya chuma vilivyobaki ndani ya injini. Ikiwa yenu ni ya nati na hamna spana hiyo, isukumeni pikipiki hadi kwa fundi aliye nayo, mwambieni aifungue nati tu, na mumlipe kwa kazi hiyo. Hakuna aibu. Fundi mwenye chombo kinachostahiki ana haki ya ujira wake, na sisi hatuandiki haya ili kuwakatia mafundi riziki. Twaandika ili mwenye mali ajue analipia nini. Ya yule mama ilikuwa ya pete.

Pleti zilipotoka, harufu ilitangulia. Ni harufu ya kuungua ambayo aliyeinusa mara moja haisahau. Utando ulikuwa mweusi na unang'aa. Pleti mpya za aina hii huwa na unene wa karibu milimita 3, na hizi zilikuwa zimepungua kiasi cha kuonekana kwa macho zilipowekwa kando ya mpya. Zile za chuma kitupu zikaguliwe kwa namna mbili. Rangi ya buluu ni alama ya moto mwingi. Kisha lazeni kila moja juu ya kioo cha meza. Ikiwa nyembe mbili zilizoshikamana zapita chini yake, imepinda na haifai. Katika zetu moja ilipinda. Springi zisimamishwe kando ya springi mpya dukani au nyumbani. Zilizofupika hubadilishwa zote nne, hata kama fupi ni moja. Zake zilikuwa bado nzima, na tukazirudisha.

Jambo moja zaidi ambalo wengi hulipita: chombo cha duara kinachozibeba pleti kina mipasuko pembeni, na meno ya pleti huchimba vishimo kwenye kuta za mipasuko hiyo. Vishimo vikiwa vidogo, vilainishwe kwa tupa taratibu, kisha chembe zote zifutwe kwa kitambaa safi. Vikiachwa, pleti mpya zitakwama humo, na klachi itakuwa ikishika kwa kushtuka.

Pleti mpya zenye utando hazivishwi zikiwa kavu. Tulizitia kwenye bakuli la oili safi tangu usiku uliotangulia. Hii ni kazi ambayo mama alituambia haina tofauti na kuroweka mbaazi, na hatukuwa na la kuongeza. Hupangwa moja ya utando, moja ya chuma, hivyo hivyo hadi mwisho, kwa mfuatano wa zilivyotoka. Bolti nne hukazwa kwa msalaba, kwa mkono wa huruma, hadi zitulie. Gasketi iwe mpya. Kisha kifuniko, kiki, waya, na ulegevu wa wenzo upimwe upya kabisa, kwa kuwa pleti nene zimebadilisha kila kitu.

Na oili. Injini hii huingia takriban lita 1. Oili yake ndiyo hiyo hiyo ya klachi, tofauti na gari, na hapa ndipo wengi huharibu kazi nzuri kwa kutaka kuweka akiba. Oili nyingi za magari ya kisasa zimetiwa dawa za kupunguza msuguano, na klachi huishi kwa msuguano. Tazameni nyuma ya chupa mtafute maandishi JASO MA, ambayo ni alama ya kipimo cha Kijapani kwa pikipiki za namna hii. Isiyokuwa na alama hiyo, hata ikiwa ghali, iacheni dukani. Oili chafu msiimwage uani. Ardhi yetu ni ya matumbawe, hupitisha kila kitu, na visima vyetu vi karibu. Mafundi wa mbao huitaka kwa kupakia miti ya uzio dhidi ya mchwa, wapeni.

Kazi yote ilichukua tangu baada ya alasiri hadi karibu na adhana ya magharibi. Kijana aliipanda hadi Kwale siku ya pili akiwa na abiria mmoja na gunia moja, na akapiga simu kutoka juu.

Yalibaki malipo, ambayo ndiyo yaliyoletwa kwetu hapo mwanzo. Mama alitaka kuyasamehe yote kwa furaha, na sisi hatukumwachia, kwani msamaha wa furaha hudumu hadi klachi ya pili. Tuliwauliza walipopatana hesabu ya siku, walipatana nini kuhusu vinavyolika. Hawakuwa wamepatana chochote. Basi wakaketi na daftari lake la mahamri, wakaandika: pleti, springi na tairi ni juu ya mwenye mali, kwani mali yake ndiyo inayolika, oili, waya na marekebisho ni juu ya mpandaji, na kitakachoungua kabla ya wakati wake kwa vidole kukaa juu ya wenzo, watagawana nusu kwa nusu. Kwa mara hii mama alilipa pleti, na kijana akalipa gasketi na oili. Kijana alitaka pia iandikwe kwamba akisema pikipiki haivuti, itazamwe kabla ya kuambiwa lolote. Mama aliandika kwa mkono wake.

Sasa kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kupokea hesabu, yeye hutoka nje na unga mikononi na kuuvuta wenzo kwa kidole kimoja. Wiki iliyopita alimwambia kijana kwamba umeanza kupungua, na kijana akaenda kuchukua spana.